Daftari la Visima

Kila Jumatatu, duka langu la dawa halijaisha kufagiwa,
anaingia Mzee Henning na vumbi lake la Miyuji.
"Mbukwenyi," anasema, nami niko peke yangu;
tangu enzi za visima hajajua kwamba hiyo ni salamu ya wengi.
Huitikia kwa wingi. Labda anawaona.

Anakunja shati. Mkono mwekundu,
madoadoa kama yai la kanga.
Nafunga kitambaa, nabinya mpira,
tunanyamaza kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Mia sitini na nane kwa tisini na tano.

Anatoa daftari. Ni lilelile la jalada gumu
alilotembea nalo nyuma ya mtambo, kijana, bila kofia:
Kigwe, mita sabini na mbili. Maji yapo.
Chali, mita mia na kumi. Jiwe.
Ibihwa, mita themanini. Maji yapo. Chumvi.
Kisha kurasa tupu, ndiyo miaka ya kwao,
theluji, ofisi, mke aliyezikwa,
kisha mwandiko uleule, umeinama kidogo:
Jumatatu. 168. 95.

Daktari alimwambia, mzee, punguza chumvi.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Chumvi? Niliichimba mwenyewe."

Bima ya kwao ilimtema alipotimiza themanini.
Alinisomea barua, akiitafsiri neno kwa neno;
ilikuwa na adabu, ilimtakia heri.
Bima ya hapa inataka kibali cha ukaazi,
kibali kinataka barua ya benki,
na walipa pensheni wanataka, kila Januari,
karatasi ya kuthibitisha kwamba bado anapumua,
isainiwe mbele ya mtu mwenye muhuri.
Mwenye muhuri amesafiri kikazi.
"Niko hai," ananiambia, "ila sijagongwa muhuri."

Namuuzia vidonge kwa bei ya kununulia.
Yeye huniachia zabibu za uani kwake,
kali kidogo, amezifunga kwenye gazeti la juzi.

Agosti, upepo ule wa kung'oa mabati,
mlinzi wake Chidumizi akanipigia saa nane usiku:
Mama Nyemo, mzee ameanguka bafuni,
anaongea lugha ya kwao.
Tukampakia kwenye Noah ya muuza kuku,
manyoya yakituingia mdomoni,
naye anataja namba, namba, namba.

Pale mapokezi kijana hakuinua macho.
Jina. Umri. Kabila.
Piga mstari, nikasema.
Ndugu wa karibu?
Anaye binti, ng'ambo, ambaye simu yake
huzungumza kama mashine, halafu inalia tii.
Nikataja jina langu.
Uhusiano?
Jirani.
Jirani haimo kwenye orodha, mama.
Nyuma yangu mwanamke na mtoto wa homa,
nyuma yake mwingine.
Mwana, nikasema. Andika mwana.
Kalamu haikukataa.

Asubuhi nimempelekea uji wa uwele.
Mdomo umekwenda upande mmoja
kama mlango uliochomoka bawaba.
Nesi anampima, anasoma namba kwa sauti.
Mkono wa kulia umelala tu, wa kushoto
unapapasa shuka, unatafuta kitu.
Nikampa daftari.
Alitumia muda mrefu kuliko wa kuchimba,
herufi zikalala kama mabua waliyopita ng'ombe:

Dodoma. 151.
Maji yapo.

Kisha akanionyesha koki ya ukutani, ile inayodondoka,
akaniuliza kwa jicho lililobaki zima
yanatoka wapi haya.
Sijui, mzee.
Nitauliza.